Uwiano wa Rezista: Jinsi Ukuzaji wa Opampu Ulivyopata Kuongozwa kwa Namba

Opampu hukuza volti ndogo, lakini kiasi cha ukuzaji huo huamuliwa na rezista mbili zilizo nje yake. Msingi wa kanuni hiyo uliwekwa na Harold Black, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani. Tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini, alichora wazo lake juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times: sehemu ya mawimbi yanayotoka kwenye amplifaya irudishwe mwanzoni, ipingane na yanayoingia. Amplifaya za simu za wakati huo ziliyumba kadiri valvu zilivyochakaa. Kwa mrejesho huo hasi, ukuzaji mwingi ulipotea, ila uliobaki ulifuata uwiano wa rezista tu. Ni biashara yenye faida kubwa, na sehemu kubwa ya elektroniki iliyofuata inadaiwa nayo.

Opampu ya K2-W ya mhandisi George Philbrick, iliyofuata kanuni hiyo na kuuzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa na valvu mbili na ilitumia volti 300, chanya na hasi. Chipu za Fairchild, µA709 ya mwaka 1965 na µA741 ya mwaka 1968, zilipunguza umbo na bei. Kanuni haikubadilika. Aliyetaka kubadili ukuzaji alizungusha potenshiometa, ambayo mkono wake huteleza juu ya utepe wa kaboni na hukwaruza sauti vumbi likiingia. Viwandani, fundi alizungusha skrubu ndogo kwa bisibisi huku akitazama mita, kisha akadondoshea rangi isisogee tena. Kila kifaa kilisubiri mkono wa mtu.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Xicor ilileta potenshiometa za kidijitali. Chipu ya X9C103 ina rezista 99 zilizopangwa mfululizo, vituo 100, na swichi za transista badala ya mkono wa chuma. Pini moja huiamsha chipu, nyingine huchagua kupanda au kushuka, na ya tatu hupokea mapigo. Kila pigo ni hatua moja. Kituo kilichohifadhiwa hakipotei umeme ukikatika.

Rezista zake si sahihi sana: ohm 10,000 zilizoandikwa zaweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, na swichi yenyewe ina makumi ya ohm. Mrejesho wa Black ndio unaoziokoa. Mkono ukiunganishwa na ingizo hasi la opampu, ncha moja ikaenda kwenye towe na nyingine kwenye graundi, rezista zote hukosea kwa pamoja na uwiano hubaki uleule. Ohm za swichi nazo hazidhuru, kwa kuwa karibu hakuna mkondo unaoingia hapo.

Tatizo linalobaki ni mwendo wa hatua. Kwenye chipu ya hatua 256, katikati ukuzaji ni mara 2, lakini hatua moja ya mwishoni huurusha kutoka 128 hadi 256. Wabunifu huongeza rezista ya kawaida ili kupunguza mruko huo. Hapo ile asilimia 20 hurudi kuhesabika, kwa kuwa rezista hiyo ya nje haikosei pamoja na zile za chipu.