Mnyapara wa Baridi Yabisi

Kwa miaka mingi baridi yabisi ilitibiwa kwa kubahatisha. Mfaransa Jacques Forestier alianza kuwadunga wagonjwa sindano za chumvi za dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1920, akiamini kwamba ugonjwa huo una undugu na kifua kikuu. Hauna, ila dhahabu iliwasaidia baadhi yao na ikabaki hospitalini kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1948, Philip Hench wa Kliniki ya Mayo, Marekani, alimdunga kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hajiwezi. Baada ya siku chache mama yule alitoka kwa miguu yake kwenda madukani. Hench na wenzake walipata Nobel mwaka 1950, na haukupita muda madhara yakajitokeza: nyuso za mviringo, mifupa dhaifu, maambukizi. Dawa ilifanya kazi, lakini hakuna aliyeweza kusema ni kitu gani hasa kinachovitafuna viungo vya mgonjwa.

Jibu lilipatikana London, na mmoja wa waliolipata alikulia Uganda. Ravinder Maini alizaliwa Punjab mwaka 1937. Baba yake, Amar Maini, alikuwa meya wa Kampala kuanzia mwaka 1950, na baadaye spika wa bunge la pamoja la Afrika Mashariki. Kijana alipelekwa Uingereza kusoma, akaishia kuwa bingwa wa magonjwa ya viungo katika Hospitali ya Charing Cross. Ni nadra kusikia jina lake likitajwa huku kwetu, na sioni sababu ya msingi. Katikati ya miaka ya 1980 alishikana na Marc Feldmann, mtaalamu wa kinga ambaye familia yake ya Kiyahudi iliondoka Poland baada ya vita na hatimaye ikahamia Australia.

Wakati huo maabara nyingi zilikuwa zinahangaika na saitokini, protini ndogo ambazo seli hutumia kupeana taarifa na amri: njooni hapa, zalianeni, shambulieni. Mojawapo, TNF, ilielezwa mwaka 1975 na kundi la Lloyd Old mjini New York, waliovutiwa na uwezo wake wa kuua uvimbe wa saratani kwa panya. Nyingine ni intalukini-1, iliyojulikana kwa kumomonyoa gegedu, ule mto laini unaozuia mifupa isisagane. Jina baada ya jina liliongezeka, na ndani ya kiungo kilichovimba watafiti walizikuta karibu zote.

Hapo ndipo wengi walipokata tamaa. Kama saitokini ni nyingi hivyo na kazi zao zinaingiliana, kuna faida gani kuzuia moja? Nyingine si zitashika nafasi yake? Hoja ilikuwa na mantiki, na watu makini waliishikilia.

Aliyeitikisa ni Fionula Brennan, mtafiti katika kundi la Maini na Feldmann. Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa viungo waliacha nyuma vipande vya ule utando unaozunguka kiungo. Seli za utando huo zilitenganishwa, zikawekwa kwenye visahani vya maabara, zikaendelea kumwaga saitokini kwa siku kadhaa bila kuchokozwa na kitu chochote. Brennan akaongeza kingamwili inayoikamata TNF. Katika seli za wagonjwa 7 wa baridi yabisi, intalukini-1 ilishuka. Alipofanya vivyo hivyo kwa seli za watu 7 ambao viungo vyao vimelika kwa kusagika tu, ilishuka kwa mmoja peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Lancet. Maana yake ni kwamba vibarua ni wengi, lakini kuna mnyapara, na akinyamazishwa wengine nao hulegeza kazi. Kwangu mimi, kisahani hicho ndicho kiini cha historia hii yote, kuliko dawa iliyofuata.

Dawa yenyewe ilikuja kwa mlango wa nyuma. Jan Vilcek na Junming Le wa Chuo Kikuu cha New York walikuwa wametengeneza kingamwili dhidi ya TNF kwa kushirikiana na kampuni ya Centocor. Lengo lilikuwa kutibu maambukizi makali ya damu, na huko haikufua dafu. Bahati ni kwamba mkuu wa sayansi wa Centocor, Jim Woody, aliwahi kufanya kazi na Feldmann. Wakati huo panya waliosababishiwa uvimbe wa viungo nao walikuwa wameshapata nafuu kwa kuzuiwa TNF, kwa hiyo maombi ya London ya kuijaribu kingamwili hiyo kwa wagonjwa wa baridi yabisi hayakuwa ya kubabaisha.

Mwaka 1992 wagonjwa 20 walitundikiwa dripu ya kingamwili hiyo Charing Cross. Wote walikuwa wameshindikana kwa dawa za kawaida. Baadhi walisema uchovu uliwatoka ndani ya saa chache, kabla hata uvimbe wa vidole haujapungua. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na baridi yabisi ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Ukafuata utafiti wa wagonjwa 73, matokeo yakatoka 1994: baada ya wiki 4, nafuu ilionekana kwa asilimia 79 ya waliopewa dozi kubwa, asilimia 44 ya waliopewa ndogo, na asilimia 8 tu ya waliopewa dripu isiyo na dawa.

Dozi ikiisha mwilini, ugonjwa ulirudi. Ikabidi dawa irudiwe na kuambatanishwa na methotrexate, mojawapo ya zile dawa za kawaida. Infliximab, jina ililopewa dripu ile, iliruhusiwa Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya mshindani wake, etanercept. Huko Osaka, Tadamitsu Kishimoto na wenzake walikuwa wakiifuatilia intalukini-6, na dawa yao, tocilizumab, ikaidhinishwa Japani kwa ugonjwa huu mwaka 2008.

Mwaka 2001 ikaja taarifa ambayo nchi zetu zinapaswa kuisoma mara mbili: watu 70 waliotumia infliximab walikuwa wameugua kifua kikuu, na zaidi ya nusu yao waliugua nje ya mapafu. Mtu anaweza kuishi na vijidudu vya kifua kikuu maisha yake yote bila kuumwa, kwa sababu seli za kinga huvizingira na kuvifungia, na TNF ndiyo inayozishikilia seli hizo pale. Ukiiondoa, vijidudu vinatoka. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya dozi ya kwanza.

Kikwazo kingine ni bei. Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumab, ya kundi hilohilo, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye dirisha la dawa ni mambo mawili. Kwa kawaida mgonjwa huanziwa methotrexate, vidonge vya bei nafuu vinavyomezwa siku moja tu kwa wiki, kamwe si kila siku. Mgonjwa wa London naye kwa kawaida huanzia hapohapo.