Jibini Isiyosafiri

Mwaka 1949 Hans Kurath, mtaalamu wa lahaja, alichapisha kitabu cha ramani za maneno yaliyotumiwa na watu wa mashariki mwa Marekani. Mojawapo ya maneno aliyoyafuatilia ni jina la chakula kimoja cha kawaida: mabonge laini, meupe, ya maziwa yaliyochacha kisha yakachujwa maji. Katika bonde la mto Hudson, walikotangulia kukaa Waholanzi, kiliitwa jibini ya chungu. Upande wa pwani ya New England kilikuwa jibini ya maziwa machachu. Pennsylvania kiliitwa "smearcase", kutokana na neno la Kijerumani Schmierkäse, yaani jibini ya kupaka. Kwingineko kaskazini kiliitwa jibini ya Kidachi.

Hilo la mwisho halipaswi kutushangaza. Zamani Kiingereza kiliwaita Waholanzi na Wajerumani kwa neno moja, na mpaka leo watu wa Pennsylvania wenye asili ya Kijerumani wanaitwa Wadachi. Sisi pia tulilipokea neno hilo. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu Wajerumani walivyoiteka pwani yetu unajulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasoma historia ya vyakula, na swali langu ni jepesi kuliuliza: majina yote hayo yalikwenda wapi? Leo ukiingia duka lolote la Marekani utakuta moja tu kwenye kopo, "cottage cheese".

Tuanze na chakula chenyewe. Katika shamba dogo la karne ya 19, malai yalienguliwa na kusukwasukwa mpaka yakawa siagi, na siagi iliuzwa. Maziwa yaliyobaki hayakuwa na soko. Yaliachwa yachache yenyewe karibu na jiko, yakagawanyika mabonge na maji. Mabonge yakachujwa kwa kitambaa, yakatiwa chumvi na kuliwa nyumbani. Maji wakapewa nguruwe. Kazi hii, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya wanawake.

Mwaka 1848 John Russell Bartlett alitoa kamusi ya maneno ya Kimarekani. Alipoieleza "smearcase", aliongeza kwamba huitwa pia "cottage cheese". Kwa Kiingereza, "cottage" ni nyumba ndogo ya mkulima au kibarua wa shambani. (Ukitafsiri neno kwa neno mbele ya Watanzania, upate "jibini ya nyumba ndogo", jiandae kwa vicheko na maswali kuhusu ndoa yako.)

Kwa nini nyumba? Linganisha na jibini nyingine. Cheddar ni kijiji cha Somerset, Uingereza. Gouda na Edam ni miji ya Uholanzi. Parmigiano ni ya Parma, Italia. Hizi zote ni jibini zinazodumu miezi mingi, nyingine miaka. Zilipakiwa mikokoteni na meli, zikafika kwa mnunuzi asiyemjua mtengenezaji, na mnunuzi huyo alitaka kujua zimetoka wapi. Jibini inayosafiri hupewa jina la mji wake.

Hii yetu haikusafiri. Baada ya siku chache iliharibika, hivyo ililiwa palepale ilipotengenezwa. Haikuwa na mji wa kuitambulisha. Ilikuwa na nyumba tu. Na nionavyo mimi, jina hilo ni la mtu anayeitazama nyumba kutoka nje. Mama aliye ndani, mkono ukikamua kitambaa, hana haja ya kusema hii ni jibini ya nyumbani. Yeye anaona chungu, anaona uchachu, anaona mkate wa kupaka. Majina ya Hudson na Pennsylvania yana mikono yake ndani.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1851 Jesse Williams alianzisha kiwanda cha jibini karibu na Rome, jimbo la New York, akikusanya maziwa ya mashamba kadhaa. Jibini ngumu ikaanza kuhama jikoni. Ile laini ikabaki nyuma. Wakati huohuo neno "cottage" lenyewe likapanda cheo. Matajiri waliojenga makasri ya kupumzikia huko Newport, Rhode Island, waliyaita kwa neno hilohilo. The Breakers, lililokamilika mwaka 1895 kwa ajili ya Cornelius Vanderbilt II, lina vyumba 70.

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, serikali ilitaka nyama ipelekwe kwa wanajeshi na washirika wake. Wizara ya Kilimo ikabandika mabango ya kuwahimiza raia wale "cottage cheese" badala ya nyama. Chakula cha mabaki kikawa cha uzalendo, na jina lililokuwa kwenye bango likaingia kila jimbo. Viwanda na majokofu vikamalizia kazi: jibini isiyosafiri ikaanza kusafiri, na ilipofika Pennsylvania kwenye kopo ikasukuma pembeni jina lililokuwapo.

Leo kanuni za shirikisho la Marekani zinaeleza nini kinaweza kuitwa "cottage cheese". Maji, kwa mfano, yasizidi asilimia 80. Hakuna kifungu kinachodai kuwe na nyumba. Neno limebaki kwenye kopo kwa sababu linauza: linamwahidi mnunuzi jiko dogo na mtu aliyemwandalia. Lakini mtu huyo alikuwapo kweli, na alikuwa na majina yake mwenyewe ya kazi yake. Nyingi ya hizo kumbukumbu sasa tunazikuta kwenye ramani za Kurath, si mezani.