Familia Isiyolipiwa: Hesabu za Safari katika Njia ya Tabora

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara ambayo leo ni sehemu ya Tabora. Walikuwa wameondoka pwani, kusini kidogo ya Bagamoyo, mwishoni mwa Juni, na safari ikawala siku 134. Serikali yao iliwapa pauni 1,000 kwa kazi hiyo, lakini walifika hoi kwa homa, huku vitambaa vya kununulia chakula vikiisha upesi kuliko walivyopanga. Njiani walikuwa wamepishana na misafara ya Wanyamwezi walioteremka pwani na pembe za ndovu. Humo walikuwamo wanawake wenye vibuyu na vyungu kichwani na watoto mgongoni, na hapakuwa na serikali yoyote iliyowagharimia.

Ilikuwa njia moja, yenye misitu ile ile na watemi wale wale waliodai hongo, yaani ushuru wa kupita. Kilichotofautiana ni hesabu.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ni zaidi ya kilomita 1,200, na Tabora ndiyo iliyokuwa njia panda yake. Hapo ndipo misafara ilipogawana: wa Ujiji na Manyema wakashika magharibi, wa Karagwe na Buganda wakapanda kaskazini, wengine wakageukia kusini. Karibu mizigo yote ilikwenda kichwani na begani mwa binadamu, kwa sababu mbung'o waliwaua ng'ombe na punda. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na juu yake akafunga mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ujira, wakiwa watu huru, na waliipenda kiasi kwamba kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Malipo yake yalikuwa ya aina mbili. Kwanza ujira wa safari nzima, uliopatanwa kabla ya kuondoka. Pili posho, chakula cha kila siku. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, lakini mara nyingi tajiri wa msafara hakutoa nafaka. Alitoa kitambaa, nao wapagazi wakakibadilisha kwa mtama au uwele katika vijiji walivyopita. Kitambaa kilichotawala kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa Marekani, kikifuatiwa na kaniki ya bluu iliyokoza kutoka India. Shuka ilikuwa mikono minne na doti mikono minane. Kwa hiyo mpagazi alikula fedha yake mwenyewe, kwa maana halisi: kila mkono wa merikani uliookolewa katika chakula ulifika nyumbani Unyamwezi, na huko doti zikageuka mbuzi, ng'ombe au mahari.

Hapo ndipo mke alipoingia katika hesabu.

Msafiri wa leo akiongeza mtu mmoja safarini anaongeza nauli, kitanda na sahani. Mpagazi wa karne ya 19 hakulipa nauli na alilala bure chini ya kibanda cha majani. Mke aliyefuatana naye alibeba chungu, unga, vibuyu vya maji na matandiko, mume akabaki na mzigo wa tajiri peke yake. Jioni, wakati mwanamume asiye na mke alipokuwa akitwanga mtama wake kwa mikono iliyochoka, mwenye mke alikuta chakula kimeiva. Mke huyo pia alichuma mboga za porini, akaokota kuni na kuhemea vijijini kwa bei aliyoijua vizuri kuliko mumewe. Penye kituo cha siku nyingi alipika pombe na kuwauzia wasafiri wengine, na wako wanawake waliojipatia ujira wao wenyewe kwa kubeba mizigo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyechunguza kwa makini maisha ya wapagazi wa njia hii, amewaita wanawake hao washirika katika biashara ya safari, na ushahidi wa wasafiri wa wakati ule unampa haki. Hata watoto wakubwa walikuwa na kazi: kuchota maji, kuchunga mbuzi wa msafara, kubeba mkeka wa baba.

Wasio na wake nao walitafuta njia yao. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo yaliyoitwa kambi, watu wachache waliokula chungu kimoja na kulala pamoja. Mmoja alikata miti ya kibanda, mwingine akaleta maji, wa tatu akapika. Posho ya watu kadhaa ikinunua nafaka kwa pamoja, mwenye kuuza anashuka bei. Moto mmoja unatosha. Na aliyeugua hakosi wa kumsaidia mzigo. Msafara mkubwa ulikuwa mkusanyiko wa kambi hizo, mbele yake kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera, ngoma na baragumu zikitangaza kuondoka alfajiri. Walitembea saa nne au tano na kupiga kambi kabla jua halijawa kali.

Majira nayo yalikuwa sehemu ya hesabu. Wanyamwezi walipenda kusafiri kiangazi, baada ya mavuno, ghala za njiani zikiwa zimejaa na nafaka ikiwa rahisi, kisha warudi kabla ya msimu wa kulima. Aliyesafiri mwezi wa njaa alinunua kwa doti kile ambacho mwenzake alikipata kwa shuka. Wengi pia hawakushuka pwani mikono mitupu. Walichukua majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa, kwa sababu Ugogo jembe lilipokewa kama fedha. Wengine walipeleka Tabora chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Malagarasi. Bidhaa ya nyumbani ililipa chakula cha njiani, na kitambaa cha ujira kikabaki kimefungwa.

Sehemu mbili za njia zilijaribu kila hesabu. Ya kwanza ni Ugogo. Huko kila mtemi alidai hongo yake, na wakati wa kiangazi hata maji yalinunuliwa. Misafara midogo ilijiunga na mikubwa ili hongo itozwe mara moja kwa wote. Ya pili ni Mgunda Mkali, pori lililotenga Ugogo na Unyamwezi, ambalo lilichukua karibu wiki nzima kulivuka na vijiji vyake vilikuwa vya kuhesabika. Kuingia humo bila unga ni kuchezea roho, na hapo ndipo kichwa cha ziada cha mke au mtoto kilipoonyesha thamani yake, kwa kuwa mpagazi hawezi kubeba mzigo wa tajiri pamoja na chakula cha siku saba. Waliopanda kutoka pwani walipoiona Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, kisha Rubuga na Kigwa, walijua chakula kimekuwa rahisi tena.

Kulikuwa na akiba nyingine ambayo haikubebwa kichwani: watani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na wa makabila mengine ya njiani, ulikomaa katika zama za misafara. Mtani alikuwa na ruhusa ya kumtukana mwenzake, kumpokonya kitu kwa mzaha na kuingia katika chakula chake bila kukaribishwa. Pia alikuwa na wajibu: kumpokea msafiri, kumuuguza, na akifa ugenini kumzika na kusimamia msiba wake. Mnyamwezi mwenye homa karibu na pwani hakuhitaji kununua hifadhi, maadamu yuko mtani jirani.

Matajiri wa misafara walikuwa na toleo lao la mkakati huu. Muhammad bin Juma, mfanyabiashara aliyeishi Tabora na baba wa Hamed bin Muhammed aliyejulikana zaidi kama Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mkwe wa mtemi hapangi bei na mtemi kama mgeni. Thamani ya undugu huo ilionekana baada ya Fundikira kufariki, pale mrithi wake Mnywa Sere alipotaka kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara. Wafanyabiashara wakamuunga mkono Mkasiwa, mpinzani wake katika utemi, na vita ikatoka hapo.

Si kila familia iliyopita Tabora ilikuwa na hesabu ya kuweka. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa kutoka Manyema na kandokando ya ziwa, mama akitenganishwa na mwanawe sokoni; nako Unyamwezi kwenyewe baadhi ya mashamba ya wapagazi waliokuwa safarini yalilimwa na watumwa. Uhuru wa Mnyamwezi kusafiri na mkewe ulisimama ubavuni mwa minyororo ya wengine.

Wazungu walichelewa kuielewa hesabu ya wapagazi. Viongozi wengi wa misafara yao waliona wanawake ni midomo ya kulisha na sababu ya ugomvi, lakini waliposhindwa kuwazuia waligundua kwamba wapagazi wenye wake hawatoroki ovyo. David Livingstone alilijua hilo. Alipokaa Kwihara, nje ya Tabora, mwaka 1872, akisubiri watu ambao Henry Morton Stanley alikuwa amemwahidi kuwatuma kutoka pwani, katika kundi lake walikuwamo Halima, mpishi ambaye Livingstone alimsifu, mke wa mtumishi wake Amoda, na Ntaoeka, aliyekuja kuolewa na Chuma, mtumishi mwingine. Walipoondoka Agosti mwaka huo kwenda kusini, wanawake hao walikwenda nao, na Livingstone alipokufa mwaka uliofuata walikuwa bado katika msafara. Stanley mwenyewe alikuwa ametoka Kwihara tarehe 14 Machi na kufika Bagamoyo tarehe 6 Mei, chini ya miezi miwili. Kupanda kwake mwaka uliotangulia kulimchukua miezi mitatu.

Utawala wa Wajerumani ulibadili mizani. Mwaka 1898 waliweka kodi ya nyumba, na fedha taslimu ikawa lazima hata kwa asiyesafiri. Bagamoyo walijenga majengo ya kupokelea misafara, ambayo bado yapo. Lakini reli waliyoanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mwendo wa miezi ukawa wa siku mbili au tatu. Kazi ya kubeba pembe ikafa.

Pamoja nayo ikafa ile hesabu ya mke asiye na gharama. Garimoshi halimpunguzii abiria mzigo kwa sababu amekuja na mke. Linamdai tiketi ya pili. Mtoto aliyekuwa mchota maji akawa nusu nauli. Kwa mara ya kwanza katika njia hiyo, kusafiri peke yako kukawa ndiko rahisi, na wanaume wengi wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakiacha wake zao nyumbani. Wengi hata tiketi moja waliiona ghali. Kwa miaka mingi baada ya reli kufika, watafuta kazi kutoka magharibi waliendelea kutembea kwa miguu sambamba na mataruma ili nauli ibaki mfukoni. Idara ya Kazi ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne, ikalazimika kuwawekea kambi za mapumziko njiani.

Wenye mashamba ndio waliogundua upya kile ambacho misafara ilikijua. Mfanyakazi aliye peke yake huondoka mkataba ukiisha; aliye na mke hulima bustani, hula vizuri na hukaa. Ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, maarufu kama SILABU, ilianza mwaka 1944 na kuajiri sana katika magharibi ya nchi. Ilisafirisha vibarua kwa gharama ya waajiri, na ikahimiza waje na familia. Manamba aliyesaini mkataba alimpandisha mkewe na watoto katika behewa bila kutoa senti, kwa bei ya miaka ya kazi ngumu mkongeni.

Abiria wa kawaida wa daraja la tatu hakuwa na wa kumlipia. Tabora ilikuwa njia panda tena, safari hii ya reli: tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, la Mpanda likafuata kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Kilichorudi, kwa asiye na wa kumlipia, ni kapu la chakula cha nyumbani. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hukaa wiki nyingi bila kuharibika, na michembe, viazi vilivyokaushwa vibichi, vivyo hivyo. Kwa familia ya watoto wanne ni tofauti ya kula safari nzima au kuwaangalia wengine wakila. Anayebaki na chenji hununua kuku katika stesheni ya Saranda, dirishani, baada ya kupatana bei kwa kelele huku honi ikilia. Asali ya Tabora hupanda kama zawadi kwa ndugu wa Dar es Salaam, kwa sababu anayefikia kwa ndugu halipi gesti, na hafiki mikono mitupu.

Sasa reli ya kisasa inaelekea huko. Treni za abiria zilianza kwenda hadi Dodoma Julai 2024, na kipande cha kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368 kupitia lile pori la Mgunda Mkali, kiko katika ujenzi. Kwa nauli zilizotangazwa mwaka huo, mtu mzima wa treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma alilipa shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na aliye chini ya miaka 4 hakulipa. Baba, mama, watoto wawili wa shule na mchanga mmoja walihitaji shilingi 93,000 kwenda tu. Baba akienda peke yake angelipa theluthi ya fedha hizo, na ndiyo maana katika mabehewa ya likizo za shule ni kawaida kumwona mzazi mmoja na watoto, mwenzake akiwa amebaki nyumbani kutafuta nauli ya kuwarudisha.