Uhakiki wa Utambulisho

Mteja akibofya faili la kusakinisha mfumo wa hesabu za duka, Windows inamwonya kwamba mchapishaji hajulikani, naye anampigia fundi simu kuuliza kama ni kirusi. Dawa yake ni kutia saini msimbo. (Wapo wanaosema "kusaini kodi". Siwafuati, kodi tayari ni ya mwenye nyumba na ya TRA.) Programu hufanyiwa muhtasari wa kihisabati, muhtasari ukatiwa saini kwa ufunguo wa siri, na cheti cha kidijitali kikaeleza ufunguo huo ni wa nani.

Kazi ya kumjua huyo "nani" wengi huiita uthibitishaji wa utambulisho. Mimi nachagua uhakiki. Uthibitisho hupatikana kazi ikiisha. Uhakiki ndiyo kazi yenyewe, kushika karatasi, kulinganisha, kuuliza. Watanzania wanalijua neno hilo tangu uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, uliowaondoa maelfu kazini mwaka 2017. Vilihakikiwa vyote, havikuthibitika vyote.

Mwaka 2001 kampuni ya VeriSign, mtoa vyeti vya aina hiyo, ilitoa vyeti viwili vyenye jina la Microsoft Corporation kwa mtu aliyejifanya mfanyakazi wa Microsoft. Hesabu hazikuvunjwa. Saini ya vyeti hivyo ingekuwa halali kabisa. Kilichoongopa ni mdomo wa mtu.

Kwa hiyo mtoa vyeti haamini fomu yako. Wengi wanaokwama kwake, hata hivyo, wana biashara halali. Wamekwama kwa herufi. Cheti cha BRELA, msajili wa kampuni Tanzania, kinasema "Company Limited", fomu imejazwa "Co. Ltd". Anwani ni sanduku la posta, ilhali mhakiki anataka mtaa na jengo. Kwenye rekodi za Dun & Bradstreet, kampuni inayotoa ile namba ya tarakimu 9 ambayo Apple huidai kwa kampuni, bado ipo ofisi mliyohama. Mwingine amesajili jina la biashara tu, akaomba kama kampuni. BRELA husajili yote mawili, ila kisheria jina la biashara na mwenyewe ni mtu mmoja.

Na yuko mkurugenzi anayetuma picha ya kadi yake ya NIDA akidhani yamekwisha. Hicho ni kitambulisho, kinamtambulisha yeye. Utambulisho wa kampuni unatafutwa kwenye daftari la msajili.

Ukikataliwa, usiharakishe ombi jipya. Sahihisha daftari la chanzo kwanza, kisha fomu inakili daftari hilo herufi kwa herufi, hata nukta. Halafu mwambie anayekaa mapokezi, kwa sababu mhakiki hapigi namba uliyomwandikia. Huitafuta kwingine, mara nyingi akaangukia simu ya mezani ya ofisi, na anayeipokea anajibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo.