Majibu ya Mawaziri Bungeni na Suala la Lugha ya Mahakama na ya Shule nchini Tanzania, 1962–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Serikali ya Tanzania ilivyolikabili swali moja la zamani: Kiswahili kitumike kwa kiwango gani katika mahakama, na kwa kiwango gani katika elimu ya sekondari na ya juu? Hoja inayotetewa ni kwamba utaratibu wa maswali na majibu Bungeni umeligawa swali hilo kati ya wizara mbili, na kila wizara imelijibu kana kwamba nyingine haipo. Matokeo yake ni kwamba sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ilhali mahakimu, majaji na mawakili wanaotarajiwa kuitekeleza wanaendelea kuandaliwa kwa Kiingereza.

1.0 Utangulizi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalipa Bunge uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 53 nayo inaeleza kwamba mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja Bungeni kuhusu utekelezaji wa shughuli za Serikali. Ibara ya kwanza inamsimamisha waziri mmoja mbele ya mbunge mmoja. Ya pili inakumbusha kwamba nyuma ya waziri huyo ipo Serikali moja. Kati ya ibara hizi mbili ndipo lilipo tatizo la makala haya.

Suala la lugha limeshughulikiwa sana na wataalamu wa elimu, na kwa upande wake limeshughulikiwa na wanasheria. Hata hivyo, kwa kawaida kila kundi limebaki katika uwanja wake. Anayechunguza lugha ya kufundishia huishia kwenye mlango wa shule, na anayechunguza lugha ya mahakama huanzia kizimbani. Makala haya yanaziweka historia hizo mbili pamoja, kwa kuwa mwanafunzi wa leo ndiye hakimu, wakili, shahidi au mshitakiwa wa kesho.

2.0 Swali na Jibu kama Chanzo cha Historia

Utaratibu wa kuwauliza mawaziri maswali ni urithi wa mabunge ya mfumo wa Uingereza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza kuingia humo, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Lugha ya Baraza hilo ilikuwa Kiingereza. Wananchi wengi waliosemewa humo hawakuweza kufuatilia kilichosemwa kwa niaba yao. Ndiyo maana hotuba ya Mwalimu Nyerere Bungeni mwezi Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, ina uzito katika historia hii: Rais alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Leo ibara ya 67 ya Katiba inamtaka anayegombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na majadiliano ya Bunge kwa kawaida huendeshwa kwa Kiswahili.

Namna swali linavyosafiri hadi kufikia jibu inamhusu sana mtafiti. Swali la msingi huwasilishwa kwa maandishi kabla ya siku ya kujibiwa. Ofisi ya Bunge hulipeleka katika wizara inayohusika, ambako wataalamu huandaa rasimu ya jibu. Siku ya siku ikifika, waziri au naibu wake husimama na kusema kwamba kwa niaba ya waziri wa wizara fulani anaomba kujibu swali la mheshimiwa mbunge, kama ifuatavyo, kisha husoma. Baada ya hapo mbunge huruhusiwa kuuliza maswali ya nyongeza, na hapo ndipo waziri huiacha karatasi na kusema kwa kauli yake. Kwa hiyo jibu la swali la msingi humwonesha mtafiti msimamo wa wizara, na jibu la nyongeza humwonesha mipaka ya msimamo huo.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, jibu halipigiwi kura. Mbunge asiporidhika anaweza kurudi na swali jingine katika mkutano mwingine, lakini Bunge haliamui kama jibu limetosha. Pili, jibu lina sarufi yake. Vitenzi vyake hupenda wakati ujao na hali ya kuendelea: Serikali itaendelea kuboresha, inaendelea na mchakato, itafanya hivyo kadiri fedha zitakavyopatikana. Kauli za namna hii si za uongo. Zinaeleza jambo lisilo na tarehe, na jambo lisilo na tarehe haliwezi kuhesabiwa kuwa limeshindikana.

3.0 Jibu la Elimu: Kukubali na Kuahirisha

Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa maamuzi. Mwezi Januari, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa ilipitishwa, Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitambua kwamba kuitenga elimu ya msingi na ya sekondari kwa lugha mbili kunazaa ufa katika jamii, na ukaelekeza kwamba Kiswahili kipande ngazi hatua kwa hatua.

Hatua hiyo haikuchukuliwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iliwasilisha ripoti yake mwaka 1982 na kupendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza mwezi Januari 1985, na Chuo Kikuu kifuate mwaka 1992. Pendekezo hilo lilikuwa na tarehe, na pengine kwa sababu hiyo lilikuwa gumu kulimeza. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 1984 Serikali iliziacha lugha zote mbili na kusisitiza uimarishaji wa Kiingereza. Tarehe za Tume hazikurudi.

Tangu hapo majibu ya Serikali kuhusu lugha ya kufundishia yamekuwa na sura mbili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikibakiza Kiingereza katika sekondari. Miaka miwili baadaye, Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi mpango maalumu wa kukiwezesha Kiswahili kufundishia katika ngazi zote. Nyaraka hizo mbili zilikuwa na nguvu kwa wakati mmoja, na kila moja ilimpa waziri wake jibu sahihi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi: iliahidi Kiswahili katika ngazi zote, na papo hapo ikaahidi kuendelea kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia. Waziri aliyeulizwa baada ya hapo aliweza kumridhisha mbunge wa upande wowote bila kutoka nje ya sera. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limeondoa utata huo: Kiswahili kimebaki lugha ya elimu ya msingi, na Kiingereza lugha ya sekondari na kuendelea.

4.0 Jibu la Sheria: Kutoka Ada hadi Kifungu

Mahakamani hali ilikuwa tofauti tangu mwanzo. Mahakama za Mwanzo, ambako wananchi wengi hukutana na sheria kwa mara ya kwanza, zimeendeshwa kwa Kiswahili. Katika mahakama za juu yake shahidi aliweza kutoa ushahidi kwa Kiswahili, lakini kwa kawaida hakimu au jaji aliuandika kwa Kiingereza na hukumu ikatoka kwa Kiingereza. Shauri lililoanza Mahakama ya Mwanzo na kukatiwa rufaa lilibadili lugha njiani. Mdai aliyeshindwa kwa maneno aliyoyaelewa aliweza kushinda kwa maneno asiyoyaelewa, na kinyume chake. Katika hali zote mbili, mwenye shauri alihitaji mtu wa kumweleza alichoamuliwa.

Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria iliyoadhimishwa Dodoma, Rais John Magufuli alihimiza matumizi ya Kiswahili mahakamani na kumpandisha Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akitaja hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kifungu cha 84 kilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na kifungu kipya cha 84A kikaweka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki. Kiingereza kiliruhusiwa kwa masharti, pale maslahi ya haki yanapohitaji.

Tangu siku hiyo jibu la waziri mwenye dhamana ya sheria lilibadilika kwa asili yake. Kabla ya hapo angeulizwa kama Serikali ina nia ya kutumia Kiswahili. Baada ya hapo anaweza kuulizwa ni sheria ngapi zimetafsiriwa na ni mahakama zipi hazijatekeleza kifungu. Maswali ya aina ya pili yanahesabika. Kazi yenyewe ni kubwa, kwa maana sura za sheria zilizopewa namba zimepita 400, lakini ni kazi yenye mwanzo na mwisho.

5.0 Kwa Nini Majibu Yalitofautiana

Sababu ya kwanza ni chombo. Suala la mahakama liliwekwa katika kifungu cha sheria. Suala la shule limebaki katika sera, ambayo hutolewa upya na Serikali bila kupita katika hatua za muswada. Sababu ya pili ni wahusika. Lugha ya hukumu hubadilishwa na watumishi wa dola yenyewe. Lugha ya darasa inagusa vitabu, mitihani, walimu na hofu ya wazazi, ambao wengi wao huona Kiingereza kuwa ndicho kinachofungua ajira. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa na mtafiti, wala waziri hawezi kuifuta kwa jibu la dakika tatu.

Sababu ya tatu, ambayo makala haya yanaiona kuwa ya msingi, imo katika utaratibu wa swali lenyewe. Swali huelekezwa kwa wizara moja. Mbunge anayeuliza kuhusu lugha ya hukumu hujibiwa na Wizara ya Katiba na Sheria. Anayeuliza kuhusu lugha ya kidato cha kwanza hujibiwa na Wizara ya Elimu. Hakuna kati yao anayewajibika kueleza jinsi mwanafunzi aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, akasoma shahada ya sheria kwa Kiingereza, akafunzwa uwakili kwa Kiingereza, atakavyoandika hoja za rufaa kwa Kiswahili sanifu cha kisheria. Hivyo utekelezaji wa jibu la wizara moja unategemea jibu la nyingine, na jibu hilo la pili kwa sasa linaelekea upande mwingine.

Inaweza kupingwa kwamba mgawanyo wa wizara ni jambo la kawaida katika utawala, na kwamba wanasheria wanahitaji Kiingereza ili wasome maamuzi ya nchi nyingine za Jumuiya ya Madola. Pingamizi hilo lina ukweli. Lakini kuhitaji kusoma kwa Kiingereza hakumaanishi kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Na mgawanyo wa kazi hauondoi uwajibikaji wa pamoja uliotajwa katika ibara ya 53. Mkunga mmoja huzalisha, lakini mtoto ni wa ukoo mzima.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba katika suala la lugha, jibu la waziri Bungeni hupata nguvu linapogeuka kuwa kifungu chenye sharti linaloweza kupimwa. Tume ya 1982 iliweka tarehe, na tarehe zikaondolewa. Bunge la 2021 liliweka kifungu, na kifungu kipo. Hata hivyo kifungu hicho kinasimama juu ya mfumo wa elimu uliojengwa kwa lugha nyingine.

Mambo mawili yanafuata. Kwa watafiti, Majadiliano ya Bunge yasomwe kwa kufuata suala badala ya wizara, ili majibu yaliyotolewa siku tofauti yawekwe ukurasa mmoja. Kwa Bunge, upo uwezekano wa kulipeleka suala la lugha ya elimu ya sheria kwa Waziri Mkuu, ambaye chini ya uongozi wake mawaziri wote wawili huwajibika. Mwenye shauri anayesubiri kuelewa hukumu yake hana haja ya kujua ni wizara ipi iliyochelewa. Yeye anaidai Serikali, na Serikali ni moja.