Tembo wa juzi: DMA, kashe na kerneli ya Linux

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa Kasigau. Mlima ule uko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kwa hiyo tembo hupita, na mahindi yakikomaa watu hulala nje kulinda mashamba. Nikajitia kumsaidia mjomba: kompyuta ndogo ya ARM, kamera ya usiku, na draiva niliyoandika mwenyewe. Usiku wa tatu simu ilipokea picha ya shamba tupu yenye vikwaruzo vifupi vyeupe. Nikadhani ni vumbi kwenye lenzi. Kumbe vikwaruzo vile ndivyo tembo! Mjomba hakunilaumu, alinionyesha mabua tu.

Kilichotokea ni hiki. Kamera huandika picha moja kwa moja kwenye memori bila kupitia prosesa. Hiyo ndiyo DMA. Prosesa nayo ina nakala zake pembeni, kashe. Ni kama mwenye duka anayesoma madeni kwenye karatasi ya mfukoni wakati kijana ameshaandika mapya kwenye daftari la stoo. Kashe hutunza data kwa vipande vya baiti 32 au 64. Vipande vilivyokuwa vimeshatolewa kwenye kashe vilisomwa upya. Vingine vyote vilikuwa picha ya zamani.

IBM PC ya 1981 ilikuwa na DMA, lakini prosesa yake, 8088, haikuwa na kashe, hivyo hapakuwa na ugomvi. 80486 ya 1989 ilikuja na kashe ya KB 8, ila ilichungulia basi: kifaa kikiandika memori, nakala ya zamani inafutwa. Waandishi wa draiva za PC wakalala usingizi.

Usingizi uliisha Linux ilipohamia mashine ambazo hazichungulii, zikiwemo nyingi za MIPS na ARM. Kerneli 2.4 ya Januari 2001 ilikuwa na pci_alloc_consistent na pci_map_single, na mwongozo wa David Miller, Richard Henderson na Jakub Jelinek. Kisha James Bottomley, mtu wa PA-RISC, akaandika majina yasiyofungwa na PCI: dma_alloc_coherent, dma_map_single. Yalikuwemo kwenye 2.6 ya Desemba 2003. Yale ya pci_ yaliondolewa kabisa 2022. (Miaka 19! Kerneli haina haraka ya kutupa vitu.)

Wazo lililonishinda ni la umiliki. Bafa ikiwa ya kifaa, prosesa haigusi. Kabla ya kusoma unaita dma_sync_single_for_cpu, na ukiirudisha unaita dma_sync_single_for_device. Mimi sikuita chochote, kwa sababu kwenye laptopu yangu ya x86 draiva ilifanya kazi bila kosa hata moja.

Mistari miwili tu ya kodi. Ijumaa narudi Rukanga na kadi mpya ya memori, na kilo kadhaa za unga kwa mjomba.