Kabla ya kuuza hewa ya pori letu, tusome karatasi za zamani

Wandugu wanafunzi na ninyi mliomaliza masomo, siku hizi kila mkutano wa hali ya hewa unataja "kaboni sifuri". Maana yake ni hii: nchi ao kampuni inapunguza moshi wake, na ule inaoshindwa kupunguza inaufidia kwa kulipia miti inayovuta hewa hiyo. Miti mingi ya namna hiyo iko kwetu Kongo. Kwa hiyo mu utafiti wangu wa udaktari niko na swali moja: pori la Beni na Lubero likigeuka dawa ya moshi wa wengine, mlimaji wa huku anabaki na nini?

Wengi wanaanzia Glasgow, fasi nchi yetu ilipata ahadi ya dola milioni 500 mu Novemba 2021 kwa ajili ya misitu. Mimi naanzia 1885. Tarehe 1 Julai mwaka ule, serikali ya Leopold II ilitoa amri kwamba udongo usio na mtu ni mali ya Serikali. Lakini kwetu sisi Wanande, shamba linalopumzika liko na mwenyewe, na pori liko na mwami na ukoo. Pale mzee aliona shamba la mwaka kesho, mwandishi wa amri aliona majani tu, akaandika kwamba ni tupu.

Uhuru haukufuta maneno hayo. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali. Sheria ya misitu ya 2002 ikasema vilevile juu ya miti.

Katikati ya hiyo historia kuna parke. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Albert I alianzisha Parke Albert, ya kwanza Afrika, kwa kulinda ngagi wa milima ya volkano. Kufika 1935 mipaka yake ilikuwa imepanda kaskazini mpaka Semuliki na Ruwenzori, mlangoni kwetu. Leo tunaiita Virunga, karibu kilomita za mraba 7,800. Tuseme ukweli: bila parke ngagi pengine wangekuwa wameisha, na pale Mutwanga maji ya Ruwenzori yanatoa umeme tangu 2013. Lakini mipaka ilichorwa mbali na wenye kuishi pale, na miaka 100 baadaye walimaji, wavuvi na walinzi bado wanagombania fasi inapopita. Umeme unasaidia, ila taa ya nyumbani haiko karatasi ya shamba.

Kuna njia nyingine, na ilianzia huku kwetu. Mu 1998 wami wa Batangi na Bamate, mu Lubero, walikubaliana wenyewe kutenga pori lao la Tayna kwa kulinda ngagi. Serikali ililitambua mu 2006. Pale Kasugho vijana wakapata hata chuo kikuu cha kusomea ulinzi wa mazingira. Na tangu amri ya 2 Agosti 2014, jamii ya wenyeji inaweza kuomba msitu wake mpaka hektari 50,000, bila mwisho wa muda. Hiyo karatasi ndiyo inageuza mazungumzo: anayeitaka kaboni lazima aje kuketi na mwenye pori.

Sasa haraka imeongezeka. Januari 2025 serikali ilitangaza Korido ya Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 540,000. Na sisi tuko na jambo ambalo wachoraji wa ramani wanaweza kulisahau. Tangu mauaji ya Oktoba 2014, watu wengi wa Beni wamekimbia mashamba yao ya kakao, muhogo na maharagwe. Shamba lililoachwa linaota miti. Ukilitazama kwa satelite, unaona msitu umerudi. Satelite haioni mama aliyeko Butembo kwa ndugu zake, anayengoja amani arudi kulima. Tukihesabu miti yake kama kaboni bila kumuuliza, tutakuwa tumeandika "tupu" mara ya pili, na safari hii kwa kalamu ya wasomi.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya mtafiti wa kaboni huku kwetu si kupima miti. Ni kujua nani ana haki juu ya ile miti, hata akiwa mkimbizi. Wewe unayetafuta kichwa cha memwari, shuka mu grupema yenu. Uliza wazee mipaka ya pori inapita wapi, nani alilima wapi kabla ya vita, na kama ombi la msitu wa jamii limekwisha kuandikwa. Kama halijaandikwa, saidia kuliandika. Siku wanunuzi wa hewa watakapofika, wakute jina la mtu juu ya karatasi.